Magurudumu ya Plastiki ya Veronika

Baraza la nyumba ya marehemu Mzee Sizya, hapa Ng'ambo, halijawahi kuwa na bango. Mtu akitaka kunyooshewa ringi ya baiskeli anauliza njiani, anaoneshwa kwa kidevu, anafika. Nimekaa hapo tangu nilipomaliza kidato cha nne mpaka mwaka huu magoti yalipokataa kuchuchumaa. Sasa ninyi vijana wangu mnaobaki na spana zangu mnataka niandike. Mnasema nikiongea nawachelewesha kazi, ila nikiandika mtasoma kwa wakati wenu. Mnanidanganya, hamtasoma. Lakini mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, na karatasi haina miguu ya kunikimbia, kwa hiyo tunafaana.

Kazi hii niliingia kwa uvivu wa kusafiri. Wenzangu wa shule walipangiwa kazi Mtwara, Mwanza, Dar es Salaam, wakaenda. Mimi nilipangiwa ukarani wa ghala la pamba huko Shinyanga. Nilifunga sanduku, nikafika stesheni, nikaitazama treni, nikarudi nyumbani. Mama alikuwa bado analia. Akaniona mlangoni na sanduku langu kichwani, akasema, "Ungenipa basi nafasi nimalize."

Baada ya wiki nikapelekwa kwa Mzee Sizya, kwa kuwa alikuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na nisingehitaji nauli. Alikuwa Mnyamwezi wa upande wa Sikonge, aliyerina asali porini miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye baiskeli. Alisema kazi hizo mbili ni moja, zote zinamtaka mtu asiye na haraka na asiyelalamika akiumia. Aliniita Bwana Fomu Foo mpaka anaingia kaburini.

Siku ya kwanza alinipa gurudumu la muuza dagaa mmoja, limepinda kama uso wa mwenyewe.

"Fumba macho," akasema. "Piga spoku kwa ukucha, moja moja."

"Natafuta nini, Mzee?"

"Mwongo."

Nilipiga. Spoku iliyokazwa sawasawa inalia sauti nyembamba. Iliyolegea inatoa sauti nzito, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nilimpata mwongo, na kwa furaha nikajichana kidole kwenye ncha ya spoku. Mzee akatazama damu ile, akasema, "Vizuri. Sasa mmefahamiana." Wateja waliokuwepo walicheka, na mmoja akauliza kama hayo ndiyo tuliyofundishwa sekondari.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Spana ya spoku iliyolika meno, koleo, bakuli la gololi, nyundo ya mninga kwa sababu nyundo ya chuma inaacha kovu, na donge la nta ya nyuki. Nta tuliipaka kwenye uzi wa skrubu, kwenye ncha ya kila spoku, kabla ya kuikaza, ili isijifungue njiani. Tuliisugua pia kwenye fremu iliyosafishwa, ili kutu isirudi. Mnanicheka kwa ajili ya hilo donge langu, lakini hiyo mikebe yenu ya kupulizia ina harufu nzuri tu, sijaona kingine.

Kisha ikaja miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, mafuta ya taa unaamka kabla ya adhana ukamkute aliyeamka kabla yako. Mtu mwenye vibaba viwili vya chumvi alitembea akiangalia nyuma, asije akaitwa mlanguzi. Spoku nazo zilipotea madukani kana kwamba zimehamishiwa kijiji cha ujamaa kisichofikika. Tulifungua magurudumu mawili ili tupate moja. Tulijaribu kukata waya wa ua, ukakatika siku ileile. Watu waliacha baiskeli zao kwetu zikaegemea ukuta mwaka mzima, na wenyewe wakaanza kupita upande wa pili wa barabara ili tusisalimiane kwa aibu. Spoku zilipokuja kurudi, miaka mingi baadaye, kwa mafungu na kwa rangi, wengi waliozililia hawakuwa na baiskeli tena. Wengine hawakuwepo.

Ndani ya miaka hiyo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza gurudumu lisilo na spoku hata moja. Yaliletwa mawili, ya BMX, zile baiskeli fupi za watoto wa Wazungu. Badala ya spoku yalikuwa na mikono mitano minene ya plastiki, inatoka kwenye kitovu mpaka kwenye ringi, yote kipande kimoja. Kwetu wakati ule ulikuwa muujiza.

Aliyekuwa nayo ni Yohana wa Ipuli, pembezoni mwa mji, kibarua wa kampuni ya kigeni iliyokuwa inatengeneza barabara. Mhandisi mmoja alipoondoka na familia yake, alimwachia baiskeli ya mtoto iliyopinda fremu. Yohana aliitupa fremu, akabaki na magurudumu. Alikuwa na dada yake, Veronika, aliyeugua polio utotoni, miguu yake ikabaki myembamba kama ya mtoto. Veronika alikuwa fundi cherehani, naye ninyi mmemsikia tu. Kila asubuhi kaka yake alimpakia kwenye keria ya baiskeli kutoka Ipuli, akamshusha kwenye baraza lililotazamana na letu, na jioni akamrudisha. Alikuwa na cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na mdomo usiohitaji kuzungushwa.

Sasa Yohana alikuwa amepata kazi ya kudumu ya reli, Kigoma, aondoke mwisho wa masika. Akiondoka, Veronika angebaki ndani Ipuli na mama yao mzee. Yohana alikuwa amechomelewa kiti cha magurudumu matatu: moja la chuma mbele, linalosukumwa kwa pedali za mkono, na nafasi ya mawili nyuma. Hayo mawili ndiyo haya ya plastiki.

Walikuja wote watatu. Yohana anakokota baiskeli, Veronika juu ya keria, mama nyuma na magurudumu begani kama mtu anayekwenda kuuza vikapu.

"Mwangaluka," mama akasalimia, kama wanavyosalimiana Wanyamwezi asubuhi.

"Mwangaluka, mayu," akajibu Mzee Sizya, akimwita mama kwa lugha yao. Akapokea magurudumu.

Yalikuwa meusi. Nilidhani ndiyo rangi yake, mpaka nilipokwaruza kwa ukucha nikaona njano chini.

"Mama, yalikaa wapi haya?" nikauliza.

"Juu ya mafiga, mwanangu. Tangu Yohana ayalete, masika mbili sasa." Akaona sijaelewa, mtoto wa mjini, akanifafanulia kwa upole. "Mbegu ikikaa kwenye moshi haipati wadudu. Mpini wa jembe ukikaa kwenye moshi unakomaa, hauvunjiki. Nikasema na magurudumu ya mwanangu yakomae. Si atayakalia kila siku?"

Hakuna nyumba ya kijijini isiyofanya hivyo. Kitu cha thamani kinaning'inizwa juu ya moto. Mzee Sizya akaligonga moja kwa ukucha. Lilitoa sauti kavu, *ka*, kama kibuyu kilichosahauliwa juani. Akaligonga la pili. *Ka*. Akaniangalia, kisha akaangalia chini.

"Yamekomaa, Mzee?" mama akauliza.

"Yamekomaa, mayu," akasema. "Sana."

Mama alipokwenda na Yohana sokoni, Veronika akamwita Mzee kutoka barazani kwake. "Mzee, shikamoo. Huo uso nimeuona hospitali. Mama amenikaushia magurudumu kama kambale, siyo?"

"Marahaba. Ndivyo."

"Yatapona?"

"Mpe Bwana Fomu Foo ayasafishe kwanza. Halafu tutajua tunazika nini."

Hapa nisikilizeni, maana siku hizi mnaletewa baiskeli hizi na watu wanaoziita za kale, wanataka zing'ae wapige picha, nanyi mnakimbilia msasa. Acheni msasa. Toa tairi, toa gololi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Sisi sabuni hatukuwa nayo, nilitumia majani ya mpapai yaliyopondwa. Kwenye kona, ambako mkono unaungana na kitovu, tumia mswaki wa mti uliotafunwa ukalainika. Masizi yaliyogandamana kama lami hayatoki kwa maji. Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, jaribu kwanza ndani, mahali pasipoonekana, kisha futa na uoshe papo hapo. Petroli usiiguse. Majivu na mchanga vinakwaruza. Na ukimaliza usianike juani, kausha kivulini kwa kitambaa. Mwisho, nta, kidogo sana, mpaka mkono uchoke.

Nilifanya hivyo wiki nzima. Njano ikatoka, nzito, kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

"Fundi!" Veronika akaita ng'ambo ya barabara. "Hiyo rangi nani kaichagua?"

"Mtoto wa Mzungu."

"Basi alikuwa na macho. Wewe ungeniwekea kaki."

Lakini usafi ulitufunulia msiba. Gurudumu moja lilikuwa na ufa kwenye mkono, karibu na kitovu, mwembamba kama unywele, na masizi yamebaki ndani yake kama mstari wa wino. Na yote mawili yalikuwa yamekauka mno. Nilipobana ringi kwa vidole gumba haikukubali kabisa. Plastiki nzuri inakubali kidogo, halafu inarudi.

Mzee Sizya alikaa nayo mapajani muda mrefu. Kisha akasema gome la mzinga wa nyuki likikauka kabla ya kukunjwa nalo hupasuka hivi, na dawa yake ni maji ya moto na kukaa nayo. Tukaenda kwa jirani, Bi Zuhura, kuazima sufuria lake la shughuli.

"Sufuria hili limepikia harusi za watu wa heshima," Bi Zuhura akasema.

"Hata hawa ni wa heshima," Mzee akajibu.

"Mnapika nini? Supu ya baiskeli?"

"Mguu wake mgumu, Bi Zuhura. Tutachemsha taratibu."

Akacheka, akatuazima, akaja na kigoda kutazama. Tuliyachemsha kutwa, moto mdogo, maji yasitokote. Yakalala humohumo. Asubuhi tukayafunga kwa kamba juu ya ubao wa mninga, yasipinde wakati yanakauka. Mzee alipogonga safari hii, yalijibu *du*. Sauti ya mtu aliyekula. Nilibana ringi, ikakubali, ikarudi.

Ufa, hata hivyo, hauponi kwa maji. Niliushona kama mnavyoona bibi zetu wakishona kibuyu: msumari wa moto, vitundu pande zote mbili, waya wa shaba ukavuka huku na huku, nta ndani. Ilikuwa kazi nzuri, nasema mwenyewe kwa kuwa Mzee hakusema. Alisema tu, "Mpelekee. Umwambie."

Nilivuka barabara. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuzunguka, ya kisekondari. Veronika akaendelea kuzungusha cherehani.

"Hili la kushoto litakatika," nikasema.

"Lini?"

"Sijui. Kiangazi, likikauka tena. Labda kabla."

"Na la kulia?"

"La kulia litatuzika sote."

"Kwa hiyo nusu yangu itafika." Akakata uzi kwa meno. "Funga hivyo hivyo. Ila Mama asijue kuwa ni moshi."

Yohana akaondoka kwenda Kigoma. Jumatatu iliyofuata, kabla sijafungua, nikasikia mnyororo unalia kutoka upande wa Ipuli. Watoto walikuwa wanamfuata Veronika, watu wametoka milangoni. Alikuwa ameloa jasho mpaka kwenye kilemba. Alisimama mbele yetu, akasema neno moja tu, "Nimefika." Mama yake alimwambia kila mtu kanisani kwamba yale magurudumu aliyakomaza yeye mwenyewe. Hakuna aliyembishia.

Miezi ile Veronika alizunguka. Sisemi kazini na kurudi tu. Alikwenda mahali ambako hakuwa na shida napo. Alikwenda stesheni saa ya treni ya Kigoma, hana mgeni. Alikwenda mpaka kwenye ile njia ya zamani ya wapagazi, akarudi na habari kwamba kuna shamba la muhogo limekauka na mbwa asiye na mkia.

"Kuna nini kingine huko?" nikamuuliza.

"Hujawahi kufika? Umezaliwa hapa, Fundi."

"Nimesikia ni pazuri."

"Miguu yote miwili mizima," akawaambia wateja wake, "na anaitumia kuchuchumaa."

Mzee Sizya alidakia. "Babu yangu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani kwa miguu. Huyu kumpeleka Nzega kwa lori ni lazima umfunge kamba." Waliungana dhidi yangu kila siku, nami sikuona vibaya. Kicheko kwenye baraza lile kilikuwa kimeadimika kuliko sabuni.

Kiangazi kilipoanza, kila Jumamosi jioni nilikuwa nayafungua magurudumu kwao Ipuli na kuyalaza kwenye pipa la maji yasikauke, mpaka Jumatatu. Hizo siku hakutoka. Mzee Sizya alifariki kiangazi hicho hicho, kifua. Nikabaki na baraza, na ukucha wa kugongea peke yangu.

Gurudumu la kushoto lilikatika kabla mvua hazijaanza, wakati hata majani ya michongoma yanakatika ukiyashika. Muuza mkaa alikuja na baiskeli yake kuniita. Nilimkuta Veronika katikati ya njia ya Ipuli, kiti kimelala upande wa kushoto, yeye bado amekaa, ameshika furushi la nguo za watu juu ya vumbi.

"Umeumia?"

"Kiwiko. Lakini gauni la Bi Zuhura limepata udongo, atanimaliza."

Mshono wangu ulikuwa mzima. Palipokatika ni pembeni yake, na mkono wa pili nao umeufuata. Hapakuwa na cha kushona.

Nilimrudisha nyumbani, nikatuma salamu kwa Yohana kwa mtu wa reli. Yakaja majibu kwamba watoto wa mhandisi walikuwa wawili, na baiskeli ya pili iliachwa kwa mfanyabiashara mmoja Nzega. Kwa hiyo nikaenda Nzega. Nilipanda lori, juu ya marobota ya pamba, nimefumba macho njia nzima, na dereva akaniuliza kama naumwa. Sikumwambia kuwa kinachoniuma ni kwamba Mzee Sizya hayupo kunicheka.

Yule mfanyabiashara alikuwa mtu mwema. "Chukua, ndugu yangu, hata yote mawili," akasema, akanipeleka nyuma ya nyumba. Moja lilikuwa limefungwa juu ya kisima, wanapitishia kamba ya ndoo. La pili limeegemea ukuta, juani. Yalikuwa yamepauka, meupe, na unga ukinibaki mkononi. Niliposhika la ukutani kulinyanyua, mkono wake mmoja ulibaki kwenye kiganja changu. La kisimani sikuligusa. Nyumba nzima ilikuwa inachota maji kwa lile.

Nilifika Ipuli kesho yake adhuhuri. Mama alikuwa anapepeta mtama uani. Veronika alinitazama mikono, akaona mitupu.

"Lakini niliyakomaza," mama akasema. "Niliyakomaza vizuri kabisa."

"Njia mbaya, Mama," Veronika akasema. "Mashimo."

Nikamwambia Veronika nitakuwa nakuja asubuhi kumpakia kwenye keria, kama Yohana, na jioni kumrudisha. Nilikuwa nimeyafikiria haya kutoka Nzega. Hata baiskeli nilikuja nayo, tairi nimejaza upepo.

"Leo nibebe," akasema. "Nikachukue cherehani yangu. Kesho usije."

Tulikwenda. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, ameshika shati langu kiunoni. Tukaingia mitaa ya Ng'ambo.

"Yohana alinipeleka kazini na kunirudisha miaka yote," akasema. "Ndugu mwema. Lakini sikuwahi kumwambia anipeleke stesheni nikatazame treni tu. Utamwombaje mtu kitu kama hicho?"

"Niombe mimi."

"Wewe? Hata wewe mwenyewe huendi."

Tulifunga cherehani kwa kamba, nikamrudisha Ipuli, yeye na cherehani yake mapajani. Watu wachache wa Ng'ambo waliendelea kumpelekea nguo Ipuli mwezi wa kwanza. Halafu ni mbali, mnajua watu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ya pili yake niliamka mapema, nikaendesha mpaka Ipuli, nikasimama nje. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Cherehani ilikuwa inazunguka. Nilikohoa, ikanyamaza.

"Fundi, nimekwambia usije."

"Nimepita tu."

"Wewe hupiti popote," akasema, na nilijua anacheka, na nilijua pia kwamba mlango hataufungua. "Rudi ukafungue baraza. Watu wana pancha."

Cherehani ikaanza tena. Nikasubiri kidogo, kisha nikageuza baiskeli. Keria ilikuwa tupu, imelegea, na njia nzima mpaka Ng'ambo ilikuwa inagonga.